Pima Shimo Kwanza

Safari hii nataka tuongee juu ya kitu kidogo sana: kigololi cha chuma ambacho upana wake haufiki milimita 2. Ukikiweka kwenye kiganja, uzito wake husikii. Kikianguka kwenye sakafu ya udongo, ndiyo basi. Lakini kigololi hicho kimenifanya nifikirie swali linalorudi kila siku katika kazi yangu na vijana hapa Kimisagara. Kitu kikipotea na hakitarudi, ni kipi kina haki ya kuwekwa mahali pake?

Nieleze kwanza kamera yenyewe. Ni Zenit-E, aina iliyoanza kutengenezwa mwaka 1965 katika kiwanda cha Krasnogorsk, karibu na Moscow, wakati wa Umoja wa Kisovyeti. Zilitoka kwa mamilioni na zikafika mbali. Haina betri hata moja. Kipimo chake cha mwanga kinapata umeme kutoka kwenye mwanga wenyewe, kama solari ndogo. Ndani kuna mapazia mawili ya kitambaa yanayokimbia mbele ya filamu, na ukiiweka kwenye 500, filamu inapata mwanga kwa sehemu moja tu ya 500 ya sekunde. Hii ninayoizungumzia ni ya kijana mmoja wa kikundi chetu. Aliirithi kwa babu yake, aliyekuwa akipiga picha za harusi na za vitambulisho kule Kivu. Walipokimbia walibeba vitu vichache, na kamera ilikuwa mojawapo.

Pete ya lenzi ilikuwa imekauka grisi, haigeuki vizuri. Tukaipeleka kwa fundi mmoja mzee anayetengeneza saa na redio kwenye kibaraza chake, pale nyumba zinapoanza kupanda kilima ukitoka barabara ya Nyabugogo. Alipofungua pete, kigololi hakikuwamo. Mtu fulani aliifungua kabla yetu, miaka mingi nyuma, na kikaruka.

Kazi ya kigololi ni hii. Kinakaa ndani ya kishimo, juu ya springi ndogo. Ukigeuza pete, kinaruka kutoka kibonyeo kimoja hadi kingine, na kidole chako kinasikia "tik". Kila tik ni namba moja: 2.8, kisha 4, kisha 5.6, kisha 8. Kila hatua inapunguza mwanga kwa nusu. Bila kigololi kamera bado inapiga picha, tusidanganyane. Lakini pete inateleza tu, haina mahali pa kusimama, na mwenye kupiga lazima kila mara atoe jicho kwenye dirisha aangalie namba. Mkono wake hauna habari.

Kijana akamwuliza fundi: "Papa, utajua ukubwa yake namna gani, na yenyewe hatuna?"

Mzee akacheka. "Miye sipimake kitu yenye ilipotea. Iko wapi nipime? Napimaka shimo."

Akachukua sindano na vipande vya waya vya unene tofauti, akaviingiza kimoja kimoja mpaka akapata kinachojaa bila kulazimishwa. Sasa akajua anatafuta nini. Kijana alikuwa amekuja na gololi ya beringi ya baiskeli, na hiyo inapita milimita 4, haikuingia hata kidogo. Ile ya ncha ya biki haifiki zaidi ya milimita 1 hivi, ikazama na kupotelea kwenye springi. Mwishowe mzee alivunja beringi ndogo ya feni ya kompyuta iliyokufa, akatoa kigololi kimoja, kikakaa. Tik.

Maneno yake yamebaki kichwani mwangu, kwa sababu sisi wengine tunafanya kinyume. Tunapotaka kumsaidia mtu aliyepoteza kitu, tunaanza na kile tulichonacho kwenye sanduku letu, au tunaanza na kile tunachofikiri kilipotea. Tunasema: huyu amepoteza baba, basi anahitaji baba. Huyu amepoteza shule, basi anahitaji mafunzo. Lakini kilichopotea hakiko hapa, hakuna anayeweza kukiweka mezani. Kilichobaki ni nafasi yake, na nafasi hiyo ina umbo ambalo anayelijua ni yule anayeishi nalo.

Nitatoa mfano mmoja. Kuna mvulana wa miaka 16 ambaye baba yake alifariki kabla hawajafika Rwanda. Watu walimpenda. Alipewa mpira na sare ya timu, akapewa nafasi ya kujifunza cherehani, akaalikwa kwenye semina. Vyote kwa moyo mzuri. Akawa anakuja siku mbili, wiki mbili hayuko. Siku moja mama mmoja jirani alimkalisha chini akamwuliza tu: "Ni nini inakukosa?" Akasema kwamba siku ya mkutano wa wazazi shuleni yeye hana mtu wa kukaa kwenye kile kiti. Mama yake anafua nguo za watu, akiacha kazi siku hiyo hawali. Kwa hiyo siku ya mkutano mvulana anajificha, na kesho yake anaona aibu kurudi. Shimo lenyewe lilikuwa hilo: saa mbili kwa muhula. Mzee mmoja wa kartie akakubali kwenda kukaa kwenye kiti. Haikugharimu kitu. Hakuwa baba, na hakuna aliyemwambia awe baba.

Kuna watakaosema: ndugu, hayo ni maneno ya mtu aliyeshiba. Mkimbizi hachagui. Wahenga walisema mfa maji hukamata maji, na pia usipoziba ufa utajenga ukuta. Ukiwa unanyeshewa na mtu akakuletea shitingi yenye tundu, unaichukua. Hoja hii ninaiheshimu, kwa sababu maisha yetu yamejengwa na viraka, na kujua kuunga-unga ni akili, si aibu. Mzee fundi naye aliunga-unga: feni ya kompyuta ndani ya kamera ya Kirusi!

Lakini tuangalie vizuri. Kuna kuziba kunakosaidia, na kuna kuziba kunakoharibu shimo lenyewe. Mafundi wa vitu vidogo wanalijua hili kwa skrubu. Skrubu ya milimita 1.7 unaweza kuilazimisha kwenye shimo la 1.6. Itaingia, na kwa macho utasema imekaa. Ila imekula meno ya shimo. Siku utakapopata skrubu ya kweli, haitashika tena, inazunguka bure. Afadhali ungeliacha wazi mwezi mmoja. Watu pia ni hivyo. Msichana anayelazimishwa kumwita mtu fulani "baba" wiki ya kwanza, baadaye hata akija mtu mwema wa kweli, neno hilo halishiki tena mdomoni mwake. Kwa hiyo ninapoziba ufa wangu mwenyewe, nina ruhusa ya kutumia chochote, maana nitakayeumia ni mimi. Ninapoziba ufa wa mwenzangu, deni langu la kwanza ni kupima.

Watu wa mashirika mnaosoma hapa, mnajua mfano mmoja mzuri. Mwaka 2014, katika kambi ya Gihembe, PAM ilianza kutoa pesa mahali pa posho ya mahindi na maharagwe. Pesa ina matatizo yake. Bei ya sokoni ikipanda, inakuwa ndogo mkononi. Lakini ina wema mmoja ambao gunia halina: inamwachia mwenye shimo alipime yeye mwenyewe. Mmoja ananunua maziwa ya mtoto, mwingine unga, mwingine sabuni. Hakuna ofisi ambayo ingejua hayo yote kutoka mbali.

Sasa swali la pili, ambalo yule kijana aliliuliza wakati tunalipa: je, hii bado ni kamera ya babu? Swali hili ni la zamani sana. Plutarch, mwandishi Mgiriki, alieleza kwamba watu wa Athens waliitunza merikebu ya Theseus kwa kutoa mbao zilizooza na kuweka mpya, mpaka wanafalsafa wakagawanyika: wengine wanasema ni ileile, wengine wanasema si ile tena. Kwetu unaweza kuuliza hivyohivyo juu ya jembe la babu, lililobadilishwa mpini mara tatu na bamba mara mbili.

Mimi naona kuna swali lililo karibu zaidi na maisha yetu. Je, kilichowekwa kinasema kwamba kimewekwa? Mafundi wa saa wa zamani walikuwa na desturi ya kukwaruza alama na tarehe ndani ya kifuniko cha saa, ili atakayeifungua kesho ajue nini kilifanyika. Mzee wetu hakukwaruza chuma, lakini aliandika kwenye kikaratasi, akakitia ndani ya mfuko wa kamera: tarehe, na maneno "gololi ya feni". Hakuona haya. Na kamera haikupungua thamani kwa sababu ya kikaratasi. Ingepungua kama angeficha, na mtu akaja kuinunua akiamini kila kitu ni cha kiwandani.

Lugha yetu ilishalitatua jambo hili kabla ya wanafalsafa. Mama akifariki na mdogo wake akachukua watoto, hatusemi "huyu ni mama" tukanyamaza, wala hatusemi "huyu si mama". Tunasema mama mdogo. Neno lenyewe linafanya kazi mbili. Linampa haki zote za mama: kuamrisha, kubembeleza, kulia kwenye harusi. Na hapohapo linaacha wazi nafasi ya yule aliyetangulia. Mtoto anayelelewa na mama mdogo hadanganywi na mtu, wala hakosi mama.

Shida inaanza pale tunapofika mbele ya meza yenye fomu. Fomu nyingi zina kisanduku cha mama, kisanduku cha baba, na visanduku vichache vingine. Familia inaogopa: tukisema ukweli, watoto watatenganishwa nasi? Kwa hiyo kabla ya mahojiano ya kwenda nchi ya tatu, mtoto wa miaka tisa anafundishwa kusema kwamba aliyemzaa ni huyu. Siwahukumu wanaofanya hivyo, najua hofu hiyo ina uzito gani. Lakini fikirieni mtoto. Amepoteza mama mara moja kwa kifo, na sasa anaambiwa ampoteze mara ya pili kwa mdomo wake mwenyewe. Na maneno yasipolingana na ya dada yake, familia nzima inaingia kwenye mashaka. Hapa wote tuna kazi. Familia ijue kwamba mlezi anayetajwa kama mlezi ana nguvu kuliko mama wa uongo. Na mwenye fomu ajue kwamba kisanduku chake nacho ni shimo, na kama mama mdogo haingii, kibovu si mama mdogo.

Mwisho, kuna mashimo ya kuacha wazi. Pale Gisozi, kwenye Ukumbusho wa Mauaji ya Kimbari uliofunguliwa mwaka 2004, kuna chumba cha picha zilizoletwa na familia za waliouawa. Nyingi ni picha za kawaida kabisa: mtu amevaa vizuri, watu wako kwenye sherehe. Zilipigwa na wapiga picha wa kawaida, kwa kamera za filamu kama hii. Ukisimama pale huwazi kabisa nani awekwe mahali pa watu hao. Unakaa tu na nafasi yao. Kuna vijana wetu ambao nao wana nafasi ya namna hiyo ndani yao, na kumkalia karibu bila kuleta kitu ni msaada kamili.

Kwa hiyo kwa wanaotoa nasema: ulizeni kabla ya kufungua sanduku, na mkishaweka kitu, msikipe jina la kilichopotea. Na kwa sisi tunaopokea, tuna sehemu yetu pia. Tumezoea kusema asante kwa kila kitu, kwa hofu kwamba kesho hatutapewa. Halafu anayetoa anaondoka akiamini amemaliza, na tundu liko palepale. Kupima shimo kunahitaji mwenye shimo aseme. Mtu akikuletea gololi ya baiskeli, mwambie asante, maana amekukumbuka. Kisha mwambie na ukweli, kwa heshima: haiingii.