Mwenye Timu ni Nani?

Msomaji, mtu akinunua shamba kwa fedha zake, humwulizi kwa nini amepanda muhogo badala ya mahindi. Shamba ni lake. Lakini iko milki nyingine isiyoeleweka kwa wepesi huo, nayo nataka tuitazame pamoja katika mji wa Chicago, Marekani.

Katika mwaka 1981 kundi la wenye hisa, likiongozwa na mfanyabiashara Jerry Reinsdorf, lilinunua timu ya besiboli iitwayo White Sox kwa dola zipatazo milioni 20. Mwaka 1985 aliongoza tena ununuzi wa Bulls, timu ya mpira wa kikapu, ambayo baadaye ilitwaa ubingwa mara sita.

White Sox walichezea Comiskey Park, uwanja uliofunguliwa 1910, na ambao sasa ulikuwa umechakaa. Wenye timu walitaka uwanja mpya. Walisema kwamba wasipoupata watahamia St. Petersburg, Florida, ambako uwanja ulikuwa ukijengwa tayari. Usiku wa tarehe 30 Juni, 1988, baraza la jimbo la Illinois lilipitisha sheria ya kuwajengea uwanja kwa fedha za umma. Husimuliwa kwamba saa ya barazani ilisimamishwa, ili saa sita ya usiku isipite kabla ya kura kutimia.

Je, wenye timu walikosa? Sheria iliwaruhusu kuhama. Muuza nguo naye huhama, na wateja wake huenda duka la jirani wala hawalii. Lakini fikiri juu ya mzee aliyepelekwa uwanjani na baba yake, naye akampeleka mwanawe. Huyo aende duka gani? Hapa ndipo penye fumbo. Tishio lile halikupata nguvu kutoka katika zile dola milioni 20. Lilipata nguvu kutoka katika mapenzi ya watu, ambayo hayakuandikwa katika hati yo yote ya mauzo, wala hapana aliyeyalipia.

Nisimwonee mtu. Uwanja wa Bulls, uliofunguliwa 1994, Reinsdorf aliujenga pamoja na mwenye timu ya magongo ya barafuni, na fedha za jengo zilikuwa zao. Tena wachezaji hawalipwi kwa nyimbo za mashabiki. Lazima pawe na mtu wa kutia mali yake hatarini. Lakini usiniambie kwamba hapana njia nyingine. Katika mji mdogo wa Green Bay, timu ya Packers imekuwa mikononi mwa wenye hisa wengi tangu 1923. Hisa hizo hazileti faida, na hapana mtu mmoja awezaye kuihamisha.

Mwaka 2024 White Sox walishindwa michezo 121 kati ya 162, na watazamaji wakapaza sauti kumtaka Reinsdorf aiuze timu. Walisema kama watu wenye haki. Je, waliipata wapi?

Comiskey Park ya kale ilibomolewa 1991, na leo pale huegeshwa magari. Katikati ya magari hayo kimewekwa kibao cha marumaru, mahali aliposimama mpigaji. Watu wazima huja, wakasimama juu yake, wakainua mikono kana kwamba wameshika gongo.