Je, muuzaji anaruhusiwa kunyamazia anachokijua?

Tunapofundisha fiqhi ya biashara, mifano yetu ya ila ya bidhaa ni ile ile ya siku zote: nguo iliyotoboka, mbuzi mgonjwa, mchele uliotiwa maji ili uzito uongezeke. Mnunuzi akiigundua ila hiyo baadaye ana haki ya kurejesha, na hapo wanafunzi hawana maswali mengi. Maswali huanza tunapofika kwenye bidhaa za zama hizi ambazo siku ya kununuliwa ni nzima kabisa, isipokuwa kiwandani kwake kuna uamuzi umeshafanyika juu yake, na mnunuzi hana habari.

Tuchukue mfano unaojulikana. Januari 2008 Steve Jobs wa kampuni ya Apple ya Marekani alitoa kompyuta mpakato ndani ya bahasha ya karatasi, watu wakashangaa wembamba wake. Jina lake MacBook Air. Mwaka 2010 ikaundwa upya kwa saizi mbili, inchi 11 na inchi 13, ikapendwa sana na wanafunzi na wasafiri kwa wepesi wake. Machi 2015 ikatiwa prosesa mpya, na baada ya hapo kukawa kimya. Oktoba 2016 ile ndogo ya inchi 11 ikaondolewa sokoni. Juni 2017 iliyobaki ikaongezewa kasi kidogo tu, kwa prosesa ya kizazi kile kile cha 2015, na kioo kile kile cha zamani wakati kompyuta mpakato nyingine zote za kampuni hiyo zilikwishapata vioo vyenye ukali zaidi. Bei ikabaki dola 999.

Kwa hiyo kwa zaidi ya mwaka mzima watu waliokuwa wakidunduliza fedha wakawa wanaulizana: hii kompyuta itafanyiwa mabadiliko au ndiyo inazikwa? Dalili zilikuwapo za pande zote mbili. Kampuni ilikuwa imetoa mwaka 2015 kompyuta nyingine ya inchi 12, nyepesi zaidi, na wengi wakaamini huyo ndiye mrithi. Jibu likaja tarehe 30 Oktoba 2018, jijini New York, ilipozinduliwa Air mpya yenye kioo kipya, kwa dola 1,199. Ile kuukuu ikaendelea kuuzwa hadi Julai 2019, na mwezi huo huo aliyedhaniwa mrithi, yaani ile ya inchi 12, naye akaondolewa! Waliokisia hivi waliumia, na waliokisia vile waliumia.

Sasa ndugu msomaji, mfikirie mwanafunzi aliyenunua Air ya zamani mwezi Septemba 2018. Alichopewa ndicho alichoambiwa. Hakuna kilichovunjika wala kilichopungua. Lakini kompyuta haibuniwi kwa wiki mbili. Aliyemuuzia, kwa maana ya kampuni yenyewe, alikuwa anajua kwamba mpya imeshaundwa. Mwanafunzi yule angelijua hilo, ama angelisubiri wiki chache, ama angelidai apunguziwe bei. Je, amedhulumiwa?

Wapo wanaojibu haraka kwamba hakudhulumiwa, na hoja yao si ya kupuuzwa. Wanasema mipango ya kiwanda ni siri ya biashara, na ikitangazwa mapema bidhaa iliyopo haitanunuliwa tena. Hapa husimuliwa kisa cha kampuni ya Osborne ya Marekani, iliyotangaza kompyuta zake zijazo mwaka 1983 kabla hazijawa tayari. Wateja wakaacha kununua zilizopo, na Septemba mwaka huo huo kampuni ikafilisika. Wafanyakazi wakakosa kazi. Je, Uislamu unamtaka mfanyabiashara ajiangamize kwa ajili ya kusema ukweli ambao hakuulizwa?

Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 505 Hijria, alishughulika na suala linalofanana na hili katika Ihyaa, kwenye kitabu chake cha adabu za uchumi. Anasimulia juu ya mtu mmoja wa Basra, katika Tabiina, ambaye alikuwa na kijana wake huko Susi akimletea sukari. Kijana akamwandikia kuwa mwaka ule miwa imepatwa na maradhi, basi anunue sukari. Yule bwana akanunua sukari nyingi, na ilipopanda bei akapata faida ya elfu thelathini. Usiku hakulala. Asubuhi akamwendea aliyemuuzia, akampa zile elfu thelathini, akamweleza kwamba alimficha habari. Muuzaji akasema amemsamehe na fedha ni halali yake. Yule bwana akarudi nyumbani, na usiku wa pili pia hakulala, akihofu kwamba mwenziwe amesamehe kwa kuona haya tu. Akarudi tena mpaka fedha zikapokelewa.

Angalia kwamba sukari haikuwa na ila. Mizani ilikuwa sawa. Hakuna uwongo uliosemwa. Kilichofichwa ni habari ya soko, ambayo upande mmoja uliijua na upande wa pili hauna njia ya kuijua. Na jambo ambalo wengi hulipita bila kuliona ni mahali Ghazali alipokiweka kisa hiki: hakukiweka kwenye mlango wa ihsani, yaani wema wa ziada, bali kwenye mlango wa uadilifu na kujiepusha na dhulma. Akakifungamanisha na katazo la Mtume (s.a.w.) la kuwatokea wenye misafara njiani kabla hawajafika sokoni kujua bei. Msafara ule haukuibiwa. Ulitumiwa ujinga wake.

Hata hivyo ni lazima tutofautishe. Maradhi ya miwa yalikuwa yameshatokea. Kiwanda ambacho bado kinashauriana, leo kinaelekea huku na kesho kule, hakina habari ya kuficha, na kumlazimisha kiseme ni kumlazimisha abashiri. Nionavyo mimi, wajibu unaanza pale uamuzi unapokwisha kufanywa, na unazidi uzito mnunuzi anapouliza waziwazi. Kabla ya hapo kimya ni halali. Baada ya hapo kimya kinageuka kuwa sehemu ya bei.

Na ile hofu ya kufilisika? Kampuni hiyo hiyo ya Apple ilitangaza Juni 2020 kwamba inaachana na prosesa za Intel na kwamba kazi hiyo itachukua kama miaka miwili. Kila mtu akajua kuwa kompyuta zilizoko madukani zinaelekea ukingoni. Robo iliyofuata, Julai hadi Septemba, mauzo ya kompyuta zake yalifika dola bilioni 9, rekodi kwa wakati ule. Kweli, ulikuwa mwaka wa Korona na watu walihitaji kompyuta za kufanyia kazi majumbani. Lakini ukweli uliosemwa mapema haukuwaangamiza.

Liko pia jambo la kuwapongeza nalo. Kampuni hiyo humruhusu mnunuzi kurejesha bidhaa ndani ya siku 14. Aliyenunua tarehe 20 Oktoba 2018 aliweza kuirudisha ile kuukuu akachukua mpya. Wa Septemba muda ulikuwa umempita. Sisi wafuasi wa Imam Shafii tunaijua khiyari ya sharti, na ukomo wake kwetu ni siku tatu, kwa hiyo hapa wametupita kwa siku.

Nasi tusidhani suala hili ni la Wamarekani peke yao. Air za 2015 na 2017 zinauzwa leo madukani Kariakoo zikiwa zimetumika, zimefutwa vizuri zinang'aa, na muuzaji anasifia betri na wepesi. Asichokisema ni kwamba mfumo endeshi wa mwisho zinaoupokea rasmi ni ule wa 2021, na kwamba programu moja baada ya nyingine zitaanza kuikataa. Muuzaji huyu hana siri ya kiwanda ya kulinda. Habari hii imetangazwa, naye anaijua kwa sababu ndiyo iliyomfanya aipate kwa bei ya chini. Anayenunua ni mzazi wa Mbagala anayemnunulia binti yake anayekwenda chuo, na fedha hizo amezikusanya kwa miezi. Akiambiwa ukweli huenda bado akaichukua, kwani kwa kuandika na kusoma inafaa; ila ataitaka kwa bei nyingine, na hiyo tofauti ya bei ndiyo inayozungumzwa katika kisa cha sukari ya Susi.