Dawa Hii ni kwa Ajili ya Nani?

Somo: 1 Timotheo 5:23, Luka 10:30-37

Wiki hii tuzungumze jambo ambalo huwa tunanong'onezana tukishatoka ibadani: mafuta ya bangi. Mama mmoja wa kanisa letu ameniuliza kama ni dhambi kumpa mtoto wake mwenye usonji. Juma hilo hilo, mzee mmoja aliyeumwa na mgongo miaka mingi akaniuliza hivyo hivyo kwa ajili yake mwenyewe. Swali ni moja, lakini mimi naona majibu ni mawili.

Wako wanaosema, "Bangi ni ya shetani, tumemaliza." Ndugu yangu, morfini wanayopewa wagonjwa wa saratani hutoka kwa afyuni, na hakuna aliyenyimwa meza ya Bwana kwa sababu hiyo. Paulo alimshauri Timotheo atumie divai kidogo kwa ajili ya tumbo. Msamaria naye aliimimina kwenye majeraha. Wengine nao wanasema, "Si Mungu ndiye aliumba kila mmea?" Ni kweli, hata yenye sumu aliiumba yeye. Tusiruke kupima.

Tukipima, tunaona hivi. Ndani ya bangi kuna THC, inayolevya, na CBD, isiyolevya. Juni 2018 Marekani iliidhinisha Epidiolex, dawa ya maji yenye CBD, kwa aina mbili kali za kifafa zinazoanza utotoni. Kifafa, wapendwa, si usonji. Na hata hiyo, daktari humpima mgonjwa damu ili kuangalia ini lake. Hapa kwetu sheria ya 1994 inakataza mtu kuwa na bangi, na ile chupa inayouzwa kichinichini mtaani, nani amepima kilichomo?

Sasa, yule mzee maumivu ni yake. Anaweza kusema, "Hii imenisaidia," ama, "Hii inanichanganya kichwa, nimeacha." Kwa maumivu ya muda mrefu, dawa za bangi huwapa wengine nafuu kidogo, na wengine hawaoni tofauti. Nilimwambia amwone daktari, asimwendee muuzaji. Akiuliza daktari hajamkana Mungu, na asiwepo wa kumwambia imani yake ni haba.

Lakini mtoto yule haongei. Kichwa kikimzunguka, atamwambia nani? Akinyamaza tutashangilia kwamba amepona, kumbe amelewa tu. Kwa hivyo nilimuuliza mama yake, "Tunataka atulie kwa ajili ya nani?" Akanijibu bila hasira: "Pasta, usiku anajigonga kichwa ukutani mpaka damu inatoka. Mimi silali. Na nikimleta kanisani, watu wananigeukia."

Hapo ndipo swali linaturudia sisi. Usonji si pepo, na mtoto huyo hahitaji kukemewa. Ndivyo alivyo, na Mungu anamjua. Kinachomuumiza, kama ni jino, tumbo, kifafa au kukosa usingizi, kina daktari wake, na hakuna haja ya kukificha. Kinachotusumbua sisi, yaani kelele zake katikati ya mahubiri, hakiwezi kuwa sababu ya kumnywesha mtoto chochote.

Basi nilimwambia mama: chupa ya mtaani, hapana. Ampeleke mtoto hospitali, aeleze kila kitu, hata kwamba aliwaza bangi. Lakini siwezi kumwambia "hapana" halafu niende zangu kulala. Msamaria hakuishia kwenye mafuta na divai. Alilipa gharama, akaahidi kurudi. Akina mama wawili wamekubali kukaa na mtoto huyo usiku mmoja kila wiki ili mama alale. Tunahitaji wengine. Na Jumapili, ukimwona ameingia naye, usigeuke kumtazama. Sogea, mpe nafasi, ukae hapo hapo karibu naye.

Tuombe: Bwana, tupe hekima ya kupima, na mikono ya kubeba. Amina.