Mafini za Kiingereza na Deni la Mahamri

Mafini za Kiingereza si zile keki ndogo za supamaketi. Ni mkate wa hamira unaochomwa kwenye kikaango, kwa hivyo hata sisi wa Kibokoni tusio na oveni tunauweza. Unga, maziwa ya uvuguvugu, hamira, chumvi. Ulipoumuka nilikata maduara kwa kopo, nikayanyunyizia unga wa ugali yasigande, nikayaweka kwenye kikaango cha chapati, moto mdogo kabisa, dakika saba kila upande. Moto ukizidi, nje panaungua na ndani bado mbichi. Mara ya tatu zikatoka sawa. Nilizipasua kwa uma, si kisu, nikapaka siagi, nikala nne peke yangu.

Shida ikaanzia hapo. Wiki mbili sikununua mahamri.

Anayeuza mahamri na mbaazi ni bibi mmoja, mlango wa tatu kutoka kwetu. Nilipoacha chuo nikarudi bila senti, alinikopesha chai ya asubuhi miezi minne, na hakuandika popote. Nilipoanza kulipwa kwa makala nilimlipa yote. Kwa hesabu tumemalizana. Basi mbona nilikuwa nazunguka kwa Ndia Kuu ili nimkwepe?

Rafiki yangu anasema najitesa bure: mnunuzi ana hiari yake, na deni likilipwa limekwisha. Hoja nzito hiyo. London ya karne ya 19 wauza mafini walipita mitaani na kengele, sinia kichwani. Leo hawapo, na hakuna anayemlaumu aliyekwenda kununua dukani. Samuel Bath Thomas alihama Uingereza akaenda New York mwaka 1874, akafungua duka lake la mikate 1880, na mpaka leo jina lake liko kwenye pakiti. Biashara ndivyo zilivyo.

Lakini mfanyabiashara angeniuliza nitalipa lini. Bibi aliniuliza, "Ushakula?" Shilingi zake nimerudisha, hilo swali sijui hulipwa vipi. Na kununua mahamri nisiyoyataka ili roho yangu itulie, hiyo si ni sadaka tu? Naye hajaomba sadaka.

Madrasa tulifundishwa ukipika mchuzi uongeze maji, umkumbuke jirani. Ijumaa nikampelekea mafini tatu, nimezifunika kwa kawa.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Wapotea wapi siku hizi?"

"Nipo, bibi. Napika."

Akaibonyeza moja, akamega. "Hamira imezidi." Akatafuna tena. "Na hiki chaliwa na mbaazi?"

Sikuwa nimelifikiria hilo. Akainuka, akanirudishia sahani ina mahamri manne na mbaazi juu, maana kwetu sahani ya jirani hairudi tupu. Nikatoa pesa. Akanitazama mpaka nikazirudisha mfukoni.

Sasa nina deni tena, na sijaamua Jumatatu nitakula nini.