Chura wa Maabara na Deni la Sababu



Swali la leo limeletwa na binti mmoja wa TYCS huku Kilwa, ninakofanya mwaka wangu wa kichungaji. Yuko kidato cha sita, mchepuo wa PCB, na ndoto yake ni udaktari. Darasa lao liliambiwa kuwa wiki inayofuata kuna praktikali ya kumpasua chura. Rafiki yake Mwislamu akasema yeye hawezi kumwua chura, dini yake imekataza. Wenzao wakacheka. Binti yetu hakucheka, akanifuata baada ya Misa: “Frateri, samahani, hivi kwa nini wenzetu wanamwonea huruma chura na sisi tunamkata tu? Ni dhambi au siyo dhambi?”

Najua baadhi yenu mmeshatabasamu. Shida zote za dunia, halafu frateri anaandika kuhusu chura? Vumilieni kidogo. Ndani ya swali hili kuna lingine kubwa zaidi: jambo likisharuhusiwa, je, ndiyo nimemaliza kazi ya kufikiri?

Tuanze na yule rafiki. Kilwa ni mji wa Waislamu tangu karne nyingi, na sisi Wakatoliki huku ni wachache. Ni adabu kumsikiliza jirani kabla ya kumcheka. Katika Hadithi zilizokusanywa na Abu Dawud katika karne ya 9, imo habari ya tabibu aliyemwuliza Mtume wao kuhusu kumtia chura kwenye dawa, naye akakataza kumwua. Ona jambo hapo: swali halikuwa la chakula wala la mchezo, lilikuwa la tiba. Kumbe zamani sana kabla ya darubini, watu walishajiuliza kama afya ya mtu inatosha kuwa sababu ya kumwua chura. Namna agizo lile linavyohusu maabara za leo, hiyo ni kazi ya masheikhe. Mimi nimeguswa tu kwamba swali la binti yetu si la kitoto hata kidogo.

Jibu la Kanisa letu liko kwenye Katekisimu, namba 2415 hadi 2418. Tafadhali zisome zote nne, usichague moja. Namba 2417 inakubali majaribio ya kitabibu na kisayansi kwa wanyama, mradi yabaki ndani ya mipaka ya busara na yachangie kutunza au kuokoa maisha ya watu. Namba 2418 inasema kuwatesa wanyama au kuwaua bila haja ni kinyume cha heshima ya binadamu. Soma tena hapo mwisho. Mtesaji wa mnyama anajivunjia heshima yeye mwenyewe, yaani mtu.

Kwa hiyo jibu fupi ni hili: kumpasua chura kwa ajili ya elimu na tiba, kwenyewe, si dhambi. Lakini ruhusa hii imekuja na sharti, na sharti ni sababu. Ukiulizwa “kwa nini?”, uwe na la kujibu.

Nilipokuwa nasoma falsafa tulikutana na watu wawili wanaosaidia hapa. Wa kwanza ni René Descartes, Mfaransa wa karne ya 17, aliyewaona wanyama kama mashine: zinatembea, zinalia, ila hakuna nafsi ndani. Ukifuata fikra hiyo, chura hadaiwi sababu yoyote, kama vile saa ya ukutani haidai sababu ukiifungua. Wa pili ni Mtakatifu Thoma wa Akwino. Yeye alifundisha kuwa mnyama ana nafsi, ingawa si nafsi yenye akili kama yetu. Ana nafsi inayohisi, na anaumia kweli. Thoma hakusita kusema kuwa binadamu anaweza kumtumia mnyama. Ila alionya pia kwamba anayezoea ukatili kwa wanyama anaandaa moyo wake kuwa katili kwa watu.

Na Biblia? Wengi wetu tukisikia chura tunakumbuka pigo la Misri tu. Mimi nawapeleka kwa punda wa Balaamu, Hesabu sura ya 22. Balaamu alimpiga mara tatu. Mungu alipomfungua punda kinywa, hakudai kuwa sawa na bwana wake. Aliuliza amekosa nini hata apigwe. Na malaika akarudia swali lile lile: mbona umempiga? Punda alidai sababu, na mbingu ikamuunga mkono.

Sasa tumchukue chura wetu. Yuko chura mmoja wa kusini mwa Afrika aitwaye kitaalamu Xenopus laevis. Anaishi majini maisha yake yote, hana ulimi, na vidole vitatu vya kila mguu wa nyuma vina kucha nyeusi. Ndugu yake, Xenopus muelleri, yuko kwenye madimbwi ya ukanda wetu wa pwani. Miaka ya 1930, kule Cape Town, wanasayansi waligundua kuwa ukimdunga chura jike mkojo wa mwanamke mjamzito, ndani ya siku moja anataga mayai. Kikawa kipimo cha mimba, kikatumika katika nchi nyingi hadi miaka ya 1960.

Kwa nini nawasimulia hili? Kwa sababu kabla yake vipimo vilitumia panya na sungura, na ilibidi wauawe ili ovari zao zitazamwe. Chura aliishi. Alirudishwa majini, akapumzika, akatumika tena. Leo dada akienda zahanati anachovya kijikaratasi kwenye mkojo na kusubiri dakika chache, na hakuna mnyama anayedungwa sindano kwa ajili yake. Kutoka panya anayekufa, hadi chura anayeishi, hadi karatasi. Watu hawakutosheka na kuwa na ruhusa, waliendelea kutafuta njia isiyoumiza. Mwaka 1959 Waingereza wawili, William Russell na Rex Burch, waliandika kitabu kilichofanya utafutaji huo kuwa kanuni: mbadilishe mnyama kwa njia nyingine ukiweza, punguza idadi yao, punguza maumivu yao. Sidhani walikuwa wanaisoma Katekisimu yetu, maana ilikuwa haijaandikwa! Lakini akili njema iliwafikisha karibu na pale pale.

Hapa kuna pingamizi ambalo sitaki kulikwepa. Mwaka 1962 Mwingereza John Gurdon alitangaza kuwa amechukua kiini cha seli ya utumbo wa kiluwiluwi wa Xenopus na kukiweka ndani ya yai ambalo kiini chake kimeharibiwa. Baadhi ya mayai hayo yakakua kuwa viluwiluwi wazima. Maana yake, seli ya utumbo ilikuwa bado inabeba maelekezo ya kuujenga mwili mzima. Je, wakati ule jaribio liliokoa maisha ya nani? Hakuna. Gurdon alitaka kujua tu. Sasa tukisema kila jaribio lazima lisaidie kuokoa watu, si tungemzuia?

Miaka 44 baadaye, mwaka 2006, Mjapani Shinya Yamanaka alionyesha kuwa seli ya kawaida ya panya inaweza kurudishwa hali ya uchanga, na mwaka uliofuata ikafanyika kwa seli za binadamu. Mwaka 2012 wawili hao wakapewa Tuzo ya Nobel kwa pamoja. Kwetu sisi hili si dogo. Kanisa limekataa siku zote kuharibu viinitete vya binadamu ili kupata seli za tiba, na hapo ikaonekana njia ya kupata seli za namna hiyo bila kumgusa mtoto asiyezaliwa. Njia hiyo ilianza na kiluwiluwi.

Lakini nisijipendelee. Siwezi kusema jaribio la Gurdon lilikuwa halali kwa sababu ya kilichotokea miaka 44 mbele. Huko ni kusema mwisho mwema unahalalisha njia yoyote, na hatufundishi hivyo. Naona sababu iko kwingine. Kuutafuta ukweli kuhusu uhai ni jambo jema lenyewe, na utunzaji wa maisha umejengwa juu ya ukweli huo hata kama matunda yanachelewa. Kinachodaiwa ni uzito: swali liwe la kweli, lisiwe na njia nyepesi zaidi ya kujibiwa, na anayeuliza awe tayari kulipa kwa uangalifu wake, asimwachie chura alipe peke yake. Kumtesa mnyama ili kuona tu atafanyaje, hakuna uzito huo.

Deni letu haliishii kwa chura mmoja mmoja. Mnajua habari ya chura wa Kihansi? Aligunduliwa mwaka 1996 kwenye korongo la Mto Kihansi, milima ya Udzungwa, na hajulikani kuishi kokote kwingine duniani. Ni mdogo kama ukucha wa kidole gumba, hatagi bali anazaa watoto, na alitegemea manyunyu ya maporomoko. Bwawa la umeme likajengwa, maji mengi yakahamishwa, manyunyu yakakatika. Mwaka 2000 vyura 499 walipelekwa Marekani kutunzwa. Mwaka 2003 waliobaki korongoni wakaporomoka, na kuvu inayoshambulia ngozi za vyura ikaonekana kati yao. Mwaka 2009 wakatangazwa kuwa wametoweka porini. Ila wale wa Marekani walizaliana, 100 wakarudishwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2010, na mwaka 2012 ikaanza kazi ya kuwarudisha korongoni.

Wahenga walisema kelele za chura hazimzuii tembo kunywa maji. Ni kweli, na tembo ana haki ya kunywa. Taifa linahitaji umeme, wagonjwa wanahitaji dawa. Lakini tembo akilikanyaga dimbwi lote, kesho atakunywa wapi? Papa Fransisko katika Laudato Si', mwaka 2015, alitukumbusha kuwa viumbe vina thamani mbele ya Mungu hata pale ambapo havitufaidii. Na Yesu mwenyewe, Luka 12, alisema hata shomoro wa bei rahisi hasahauliwi mbele za Mungu. Sidhani chura amesahauliwa.

Haya, turudi darasani, maana praktikali haingoji falsafa. Wewe wa PCB, ingia maabara bila hofu ya dhambi. Unajifunza moyo ulivyo na mishipa inavyopita, na ipo siku mama mjamzito wa Nyangao au Kilwa Kivinje atahitaji mikono yako. Hakikisha chura hana fahamu kabisa kabla wembe haujamgusa. Tumieni mmoja kwa kikundi, msikamate kumi kwa kazi ya wawili. Kama michoro au modeli inatosha kwa somo la siku hiyo, pendekezeni kwa mwalimu kwa heshima. Kumrusha mwenzako chura aliye hai, kumchoma ili muone anavyoruka, kupiga naye picha za kuchekesha za kuweka status: hapo ndipo swali la dhambi linapoanza, kwa sababu hapo sababu imekwisha na umebaki ukatili. Na yule mwenzenu Mwislamu msimcheke. Dhamiri yake inamdai, nanyi mwombeeni kwa mwalimu apewe njia nyingine ya kujifunza.

Kisha kabla ya kushika wembe, sema moyoni maneno mawili matatu. Unaweza kutumia haya:

Ee Mungu Muumba, huyu ni kiumbe chako. Nisaidie nijifunze kwa bidii, nisimuumize bila haja, na nilichojifunza leo kiwafae wagonjwa wako. Kwa Kristo Bwana wetu. Amina.