Mtaji Wenye Baraka



Namshukuru Allah, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.). Amma baad.

Wengi wetu hapa Mbarara tunasoma huku tumeanzisha biashara changa. Kila tukikaa baada ya swala tunaulizana: nani atatupa mtaji? Leo tuulize swali linalotangulia: ni mtaji wa nani, na kwa masharti gani?

Mimi nimekulia Nakivale, wilayani Isingiro, wazazi wangu walipokimbilia kutoka Kongo. Na wenzangu wawili tulianza kununua mahindi na maharagwe kwa wakulima wa kambini na kuwauzia wenye hoteli wa Mbarara, oda tukizipokea kwa simu. Mwekezaji mmoja mjini akatuahidi shilingi milioni 8. Alituita washirika. Lakini sharti lake lilikuwa tumpe laki 8 kila mwezi, tupate faida tusipate, na milioni zake 8 zirudi kamili. Nakiri mbele yenu: nilishika kalamu nitie saini. Mwenzangu akaninong'oneza, "Huu ni ushirika wa jina tu. Ndani yake ni riba."

Tukarudi Nakivale kwa mzee mmoja mwenye duka Base Camp. Yeye alikuwa na milioni 3 tu. Tukafanya mudharaba: mali yake, kazi yetu. Faida tugawane, sisi asilimia 60, yeye 40. Hasara ikitokea bila uzembe wetu, yeye apoteze mali na sisi tupoteze jasho letu.

Kabla ya kutoa shilingi alituuliza maswali siku mbili. Nikachoka naye. Baadaye nikamkumbuka mama yetu Khadija (r.a.). Hakumkabidhi Mtume (s.a.w.) bidhaa za Sham kabla ya kusikia habari za ukweli na uaminifu wake, na safarini akamtuma Maysara pamoja naye. Mwenye mali anayeuliza sana si adui. Nawe una haki ya kuuliza: mali yake imetoka wapi? Aliowapa kabla yako wanasemaje?

Mzee akataka pia tuandike na tuweke mashahidi. Nikasema, "Mzee, si tunaaminiana?" Akajibu, "Ndiyo sababu tunaandika, mwanangu." Aya ya 282 ya Suratul Baqara, iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, inazungumzia kuandika madeni na kuweka mashahidi. Allah hakuirefusha bure.

Kisha mvua ikaja. Magunia 9 yakalowa na kuota ukungu. Usiku ule shetani alinishauri nimwambie mzee bei imeshuka sokoni. Sikulala. Alfajiri nikaenda, nikamweleza yote: magunia 5 yalilowa njiani gari lilipokwama, na 4 tuliyaweka chini sakafuni, bila mbao, kwa uvivu wetu.

Akanyamaza kitambo. Kisha akasema, "Yale 5 ni kadari ya Allah, hasara yangu. Yale 4 ni uzembe, mtanilipa." Tulimlipa kwa miezi mitatu. Alipomaliza kupokea, akatuongezea mtaji.

Ndugu zangu, hebu pima: ningekuwa na deni la yule wa mjini, mvua ile ingetuzamisha sisi peke yetu. Na ningemdanganya mzee, ningepata magunia 4 na kupoteza mlango.

Msidhani haya ni ya vitabuni tu. Tangu 2016 sheria ya Uganda inaruhusu benki za Kiislamu. Lakini sheria haitakuchagulia mshirika. Basi kabla ya saini jiulize: je, atabeba hasara pamoja nami? Je, mgao umeandikwa kwa asilimia ya faida, au ni kiasi maalumu kila mwezi? Na mimi, je, nitamwambia habari mbaya siku ile ile?

Ee Allah, tutosheleze kwa halali yako tusiihitaji haramu, na utujaalie tuwe washirika wa kweli. Amin.

Wabillahi tawfiq.