Usisubu Risasi Penye Watoto

Mpwa wangu, kaa nikwambie. Haya si mageni kwako, na mimi nimechoka kuyarudia, lakini maadamu moshi ungali unapanda nyuma ya jiko la mkeo, sina budi. Sikukatazi kutafuta riziki. Mshipi hauzami bila chubwi, na wavuvi wa kununua chubwi zako wapo. Neno langu ni moja: risasi unayoiyeyusha uani haitoki uani. Faida unatia mfukoni wewe, gharama wanaibeba wanao.

Nimeyaona mabamba uliyouziwa na mtu wa skrepu, yale yaliyobanduliwa kwenye kuta za chumba cha eksirei. Ni mali nzuri, sibishi. Ni laini hata ukucha unaacha alama, na ukikwangua kwa kisu pang'ara kidogo kisha panafifia. Lakini yana unga mweupe juu yake. Jana uliupangusa kwa kiganja, kisha kwa kiganja kile kile ukammegea mwanao mkate. Unga ule ni risasi iliyoliwa na hewa, na ndiyo iingiayo mwilini upesi.

Kabla ya kuuliza bei, uliza asili. Bamba la ukuta wa eksirei halina mionzi; mtambo ukizimwa, mionzi nayo imekwisha. Ila muuzaji huyo huyo kesho atakuletea chombo kinene cha risasi, kizito kupita kimo chake, kimefungwa pande zote. Hicho usikiguse. Huenda kimetoka kwenye mtambo wa kutibu saratani, au kwa mafundi wanaopima maungio ya mabomba, na kilichomo ndani bado ki hai. Mwaka 1987 huko Goiânia, Brazili, watu wawili walitoa kichwa cha mtambo wa namna hiyo katika kliniki iliyohamwa, wakakiuza kwa vyuma chakavu. Ndani mlikuwa na unga wa seziamu uliotoa mwanga wa buluu gizani. Watu wakaustaajabia, wakagawiana, wengine wakajipaka. Wanne walikufa, mmoja wao mtoto wa kike wa miaka sita, na 249 walikutwa wamechafuliwa na mionzi. Thailand nako, mwaka 2000, watu watatu walikufa kwa mtambo ulionunuliwa kama skrepu. Ukiona alama ya mapanga matatu ya mionzi, au pembetatu nyekundu yenye fuvu na mtu anayekimbia, rudi nyuma, zuia watu, piga ripoti. Usipoona alama pia usijiamini, alama hubanduka.

Unasema umejifunza kwenye simu, kwa Wamarekani wanaojisubia risasi za bunduki majumbani. Sawa. Lakini wazoefu miongoni mwao wana chungu cha kazi hiyo tu, hawali wala hawavuti sigara kazini, wanapima damu, na wanaonyana wasivunje betri za gari, kwa kuwa mna tindikali na madini mengine yanayoweza kutoa gesi ya sumu. Wewe umechukua moto, masharti ukayaacha.

Risasi huyeyuka kwenye nyuzi 327, kabla chungu hakijawa chekundu. Kuzidisha moto ni kuzidisha mvuke wa sumu. Kipande chenye unyevu kikizama kwenye risasi iliyoyeyuka, maji hugeuka mvuke kwa ghafla na kuirusha risasi usoni mwako. Na ile takataka unayoikwangua juu kwa upawa, ukaimwaga chini ya mpapai, ni unga mtupu. Kuku anaichakura, upepo unaipeperusha, mtoto anaichezea. Kitambaa ulichojifunga puani hakizuii kitu. Maziwa unayokunywa baada ya kazi ni chakula chema, lakini si dawa ya risasi.

Mwili wa mtoto hufyonza risasi mara nne hadi tano ya wako. Huingia kwenye ubongo unaokua, ikapunguza akili na utulivu, na kilichoharibika hakirudi. Kwako wewe hujificha mifupani miaka mingi. Mama mjamzito humpitishia aliye tumboni. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama. Mtoto haanguki siku hiyo hiyo. Utamwona mzito darasani, tumbo linamsokota, nanyi mtasema ni mkaidi.

Wala usidhani ni habari za viwanda peke yake. Thiaroye-sur-Mer, karibu na Dakar, ni mji wa wavuvi kama sisi. Wahunzi wa pale walitoa risasi kwenye betri kuukuu, wakasubu vizito vya nyavu, na mabaki yakabaki mchangani. Bei ya risasi ilipopanda, wanawake wakachimba mchanga ule na kuuchekecha majumbani. Kati ya mwishoni mwa 2007 na mwanzoni mwa 2008, watoto 18 walikufa. Na hapa kwetu Mombasa, Owino Uhuru huijui? Kiwanda cha kuyeyusha betri kilifungwa mwaka 2014, lakini kesi ya wanakijiji juu ya sumu yake iliendelea kupanda na kushuka mahakamani hadi Desemba 2024, Mahakama ya Juu iliporudisha fidia ya shilingi bilioni 1.3. Wao walikuwa na wa kumshitaki. Wanao watamshitaki nani?

Basi fanya hivi. Kama kuna njia ya kuiacha risasi, iache. Plagi kuukuu za gari, nati na mawe yamezamisha mishipi mingi. Kama huna njia, ondoka nyumbani kabisa. Tafuta mahali pa wazi, mbali na kisima na makazi, upepo ukienda kusiko na watu. Kausha kila kipande. Chungu na upawa wa kazi visirudi jikoni tena, hata vikisuguliwa. Takataka tia kwenye kopo lenye kifuniko, usifagie kavu. Nguo za kazi zisifuliwe na za watoto, wala usimbebe mtoto kabla hujaoga.

Huo mchanga wa chini ya mpapai uzungushie uzio leo, watoto wasiukanyage. Na Jumatatu mpeleke mwanao hospitali apimwe risasi damuni, nawe upimwe, na mama yake. Najua utaniambia vipimo ni ghali. Nusu nitatoa mimi. Nusu iliyobaki uza hayo mabamba.